H ya Hospitali

Kijiwe chetu pale Ulemo hakina benchi la mbao. Tunakalia kiti cha nyuma cha basi, kile kirefu cha watu watano, ambacho Manase alikipakia kwenye lori siku shirika la usafirishaji lilipovunjwa na wafanyakazi wakaambiwa kila mtu ajitafutie. Wenzake walipewa barua; yeye alijipa kiti. Alikuwa mtunza stoo ya vipuri kwa miaka ishirini, kwa hiyo jina lake hapa ni Stoo, na hakuna kipuri asichokijua, hasa vile ambavyo hajawahi kuviona. Kulia kwake hukaa Gervas, fundi wa baiskeli aliyejipandisha cheo bila kumsumbua mtu, akawa Injinia. Kushoto hukaa Bonaventura, mnunuzi wa vitunguu. Mbele yao Selemani huchuchumaa na dele lake la kahawa na jiko la mkaa. Mimi nafundisha shule ya jirani na nina kigoda changu pembeni, kwa sababu springi mbili za kile kiti zimetoboa ngozi, na wanaume hawa waliamua kwamba heshima ya mwalimu ni kuachiwa upande wenye springi.

Jumamosi hiyo, mbele yetu, lilikuwa limeegeshwa gari la Bonaventura. Ni kigari cha porini, hakina milango wala vioo, kina viti viwili vilivyobanana mbele na bodi ndogo ya bati nyuma. Wawindaji wageni walikitumia kule Manyoni, kikauzwa mnadani, Bonaventura akakileta hapa akiwa amekaa wima kama bwana harusi. Kwa ajili ya vile viti viwili watoto wakaliita Mapacha. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeichimba barabara ya Kiomboi ikabaki makorongo, lori la vitunguu lilikuwa linakuja Jumanne tu, kwa hiyo mgonjwa wa siku nyingine yoyote alikuwa wa Mapacha.

Wiki tatu kabla ya hapo lilimbeba Mzee Alute, aliyekuwa ameanguka kisimani akavunjika nyonga. Aliondoka hapa akiongea. Alifika Kiomboi ameshakufa. Daktari alisema mfupa uliovunjika ulitembea ndani, ukakata mshipa. Na sasa mkewe, Mama Luciana, alikuwa amelala zahanati na uvimbe wa tumbo. Mganga alikuwa amesema mambo mawili: apelekwe leo, na asitikiswe. Binti yao Damari alikuwa njiani kuja kuchukua jibu.

— Gari halina kosa, alisema Injinia, kabla mtu yeyote hajataja kosa.

— Nani kasema lina kosa? aliuliza Bonaventura.

— Nasema mapema.

— Ukisema mapema ndiyo watu wanaanza kufikiri.

Selemani alimimina kahawa, akampa kila mtu kikombe chake.

— Mimi nauliza tu, alisema. Lilipokuja lilikuwa laini. Siku ya kwanza lilipita hapa juu ya mawe kama paka. Siku hizi kabla halijafika kona, vikombe vyangu vimeshajua.

— Lilikuwa laini kwa sababu lilikuwa dhaifu, alisema Injinia. Lilinesa kama kitanda cha nyumba ya wageni. Tulipakia gunia nne za vitunguu likakaa chini, tumbo likakokota mchanga. Ndiyo nikaliboresha.

— Siku hizi ni soko huria, alisema Bonaventura. Kila mtu anaboresha anachoweza.

— Hata barabara wameiacha huru, alisema Selemani. Inakwenda inakotaka.

Maboresho yenyewe tuliyaona kwa macho yetu, maana Injinia hufanyia kazi barabarani kama watu wengine wanavyohubiri. Aling'oa springi za nyuma akaweka za pikapu moja iliyokufa, alizozikata kwa msumeno zikaenea. Chini ya kila springi kuna pete ya kukazia. Alizipiga kwa nyundo na tindo zikakaza mpaka nyuzi za skrubu zikaisha. Tairi alizijaza upepo hata ukizigonga kwa ukucha zinakujibu. Zikabaki shokapu, vile vyuma vya kutuliza mtikisiko, moja kwa kila gurudumu, na kila moja ina kitufe cha kuzungusha chenye herufi mbili: huku H, huku S.

— Ulilipima? nikamuuliza.

— Nililipima, Mwalimu. Gunia sita za vitunguu, kutoka Kinampanda mpaka hapa. Hakuna kitunguu kilichochubuka.

— Na likiwa tupu?

— Likiwa tupu nipime nini? Halina mzigo.

Selemani alipuliza makaa yake.

— Mzee Alute alikuwa gunia ngapi?

Injinia alitazama kikombe. Bonaventura ndiye aliyejibu, kwa sababu yeye hupima vitu kwa jicho na hawezi kujizuia.

— Nusu. Alikuwa amekonda.

— Basi, alisema Selemani. Springi iliyokazwa kusubiri gunia sita, ukiipa nusu gunia inaona umeitania.

— Wewe uza kahawa, alisema Stoo. Springi si hoja, hoja ni vitufe. Na vitufe viliwekwa barabara, nilisimamia mwenyewe. Mgonjwa alipopanda, vyote vinne vikaangalia H.

— H ndiyo nini?

— Hospitali. H, Hospitali. S, Shamba. Wenzetu hupanga vitu vyao. Unakwenda hospitali unaweka H, unakwenda shamba unaweka S. Kule stoo nilikuwa na maboksi elfu yameandikwa hivyo hivyo.

Nilikuwepo siku alipoitoa tafsiri hiyo kwa mara ya kwanza. Nilicheka, nikaona ni utani wa kijiweni, nikamaliza kahawa nikaenda kusahihisha madaftari. Haikunijia kwamba kuna mtu angeondoka hapo akashike spana.

— Mimi nilidhani H ni Haraka, alisema Bonaventura. Ndiyo maana sikuchelewa njiani.

— H ni Himili, alisema Injinia. S ni Starehe. Na mgonjwa haendi kustarehe.

— Gari la Ujapani, alisema Selemani. Mjapani atajuaje neno Hospitali?

— Mjapani haugui?

Nikaweka kikombe chini.

— H ni ngumu, nikasema.

Stoo alinigeukia taratibu, kwa huruma, kama mtu anayemsaidia mtoto aliyekosea kusoma ubao.

— Mwalimu. Ngumu inaanza na N.

— Kwa Kiingereza, Mzee Manase. Ngumu kwa Kiingereza ni hadi. Laini ni sofuti. Hapo wameandika herufi ya kwanza tu.

— Hadi.

— Ndiyo.

— Hadi wapi?

— Haiendi popote. Neno lenyewe ndilo hilo, hadi.

— Hadi hospitali, alisema Stoo, akafungua mikono kuwaonyesha wenzake. Si ndivyo nilivyosema? Huyu amesoma chuo kikuu, na amefika palepale.

Bonaventura alicheka. Injinia hakucheka. Alikuwa anaangalia gurudumu la nyuma la Mapacha, akisogeza midomo kimya. Nilimwona akilitamka lile neno, halafu lile la pili.

— Ulikuwa unajua? akaniuliza.

— Nilikuwa najua.

— Na siku ile ulikuwepo.

— Nilikuwepo.

Labda angesema zaidi, lakini Stoo aliona mazungumzo yanamtoka mikononi akayavuta kwa nguvu.

— Tuache herufi, alisema. Kuna jambo ambalo nimelinyamazia. Gari hili lilikuwa la wawindaji. Miaka yote hiyo, bodi ile ya nyuma ilibeba nini? Nyama. Pofu, swala, nyati vipande vipande. Hakuna kiumbe aliyewahi kulala pale akiwa hai. Sasa ukimlaza mtu, gari linajuaje kwamba huyu si windo?

— Chuma kinajua? aliuliza Selemani.

— Chuma kinazoea. Hata basi letu la kwenda Ikungi lilizoea. Ukilitoa njia hiyo linazimika.

— Lilikuwa linazimika popote, hilo.

— Mimi nina langu, alisema Bonaventura, akishusha sauti. Sikutaka kulisema kwa sababu gari ni langu. Ni jina. Watoto waliliita Mapacha na sisi tukakubali. Sasa kitu chenye jina la mapacha kitachukuaje mmoja kikamwacha mwenzake? Kimechukua mume. Mnaona wenyewe mke naye ameanza kuumwa, na zimepita wiki tatu tu.

— Kwa hiyo hutaki kumbeba? nikauliza.

— Nitambeba. Nasema tu kwamba likitokea la kutokea, isisemwe ni springi.

— Shikamooni.

Damari alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amejifunga kanga kiunoni, kamba ya katani begani. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Wanaume waliitikia marahaba, mmoja mmoja, kila mmoja kwa sauti ndogo kuliko aliyemtangulia.

— Endelea, baba Lea, alimwambia Bonaventura. Ulisema linachukua wawili.

— Ni maneno ya kahawa tu, mwanangu. Kaa. Selemani, mpe kikombe.

— Sikai. Mama ameshavalishwa, nimefuata gari. Lakini mganga ameniuliza kitu, nikashindwa kumjibu. Ameniuliza lile gari kwa nyuma likoje.

— Ni zuri, alisema Stoo. Injinia ameliboresha.

— Nimemwambia limeboreshwa. Akauliza likoje kwa mtu aliyelala. Siku ya baba, wewe na baba Lea mlikaa mbele, mimi nikafuata na baiskeli. Kwa hiyo nimekuja kuuliza. Ni nani hapa amewahi kulala kule nyuma?

Stoo alikohoa. Bonaventura alipangusa vumbi ambalo halikuwepo kwenye goti.

— Gari halipimwi kwa kulala, mwanangu, alisema Stoo. Kuna utaalamu wake.

— Ndiyo, baba. Kaka Gervas, wewe ndiye mtaalamu. Lala.

— Mimi ni fundi, alisema Injinia.

— Ndiyo maana.

Tulidhani atabisha. Alisimama, akavua kofia, akaiacha juu ya kiti cha basi, akapanda kwenye bodi ya Mapacha na kujilaza chali. Miguu ilizidi, akaikunja. Damari alilileta godoro jembamba lililokuwa limeegemezwa ukutani, lile lile la siku ile, akalisukuma chini yake. Halafu akamfunga kwa kamba kifuani na mapajani, mafundo mawili mawili, jinsi baba yake alivyofungwa asianguke.

— Vile vitufe viko vipi? aliuliza.

— H, alisema Injinia kutoka kule chini.

— Siku ya baba?

— H.

— Viacheni hivyo. Baba Lea, endesha mpaka ng'ambo ya korongo la pili, urudi. Mwendo ule ule.

Bonaventura aliwasha. Injini ya kile kigari iko mgongoni mwa viti, na ikiwaka mazungumzo yote ya Ulemo husimama. Walishuka taratibu. Kutoka kijiweni barabara inaonekana yote, inateremka korongo la kwanza, inapanda, inateremka la pili, halafu inapanda kilima na kupotea. Kwenye korongo la kwanza tuliona Mapacha likiruka, na Injinia akiruka juu yake, kisha bati likimrudisha juu tena kabla hajamaliza kushuka. Upepo wa Julai ulisukuma vumbi pembeni tukaona vizuri zaidi kuliko tulivyotaka. Mkono wake mmoja ulichomoka kwenye kamba. Ulikuwa unapiga ubavu wa bodi. Kichwa alikigeuzia mbele na mdomo ulikuwa wazi. Bonaventura aliendelea kutazama barabara, mikono miwili kwenye usukani, dereva makini.

— Anaimba? aliuliza Stoo.



Walivuka korongo la pili, wakageuza, wakayarudia yote mawili. Waliporudi Bonaventura alizima injini, akateremka akijinyoosha.

— Halina shida, alisema. Limekwenda vizuri.

Damari alifungua mafundo. Injinia alikaa kwanza, akashika mbavu, ndipo akateremsha mguu mmoja, na baadaye wa pili. Alikuwa ameuma ulimi na damu imemshuka kidevuni. Ngozi ya vidole vya mkono wa kulia ilikuwa imechunika kwa kupiga bati.

— Mbona hukusimama? Injinia alimuuliza Bonaventura.

— Nisimame kwa nini? Nani kaniambia nisimame?

— Mimi. Nimekuita.

— Uliniita wapi?

— Korongo la kwanza. La pili. Na wakati wa kurudi. Nimekuita kwa jina lako na jina la baba yako.

— Sijasikia kitu. Bonaventura alianza kutazama ile injini, na sauti yake ikapungua. Inanguruma hapa mgongoni. Inakula kila kitu.

Damari alimgeukia Stoo. Hakumkaripia. Alimuuliza kama mtu anayeuliza njia.

— Baba, wewe siku ile ulikaa kiti cha pili. Ulisikia?

Stoo alilikunjua kunyanzi la suruali yake kwa vidole viwili.

— Tulikuwa tunaongea, alisema. Kabla injini haijawaka alikuwa anaguna kidogo. Baadaye kimya. Tukaambiana mzee amepata usingizi.

— Mkafurahi.

— Tukafurahi, mwanangu.

Damari aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaizungushia ile kamba kwenye kiganja na kiwiko, vizuri, kama inavyotakiwa kukunjwa.

— Sasa baba aliita mara ngapi?

Makorongo ni mawili mpaka kwenye kilima. Baada ya kilima yapo mengine, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kuyahesabu. Selemani aliinamisha dele kwenye kikombe cha Injinia amsaidie kusuuza mdomo. Likatoka tope la kahawa, halafu hakikutoka kitu.

Injinia alikwenda kwenye sanduku lake la spana. Alianzia gurudumu la mbele kulia, akapiga goti, akazungusha kitufe. Kinatoa sauti ndogo, tik, tik, tik. Alizunguka magurudumu yote manne, kutoka H hadi S, na kila alipomaliza moja alinitazama, nami nikaitikia. Akachukua msumari akatoa upepo kwenye tairi mpaka zikalegea mashavu.

— Na springi? aliuliza Bonaventura.

— Springi siwezi kuzibadilisha leo. Zinataka uzito. Leteni mchanga, gunia mbili, tatu, chini ya godoro. Zikipata mzigo zitacheza.

Alisema hayo kwa shida, kwa sababu ya ulimi. Tulijaza mchanga. Mimi nilishika mdomo wa gunia, Stoo alichota kwa sahani ya kashata ya Selemani, na hakutoa maelekezo.

Mama Luciana aliletwa kwa machela kutoka zahanati, amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Alitusalimia wote kwa majina. Walipomlaza juu ya godoro alifumba macho. Damari alipanda akakaa miguuni pake, katikati ya mama yake na bati. Kwenye kiti cha pili, pale mbele, alikuwa ameweka kikapu cha nguo, na Stoo alipokiona alirudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyekutana na mlango umefungwa.

Kisha Damari akaichukua ile kamba ya katani, akapitisha ncha moja juu ya viti, akaifunga kwenye mkono wa kushoto wa Bonaventura, juu ya kiwiko. Mafundo mawili.

— Nikivuta, unasimama, alisema. Huniulizi kwa nini. Nikivuta tena, unakwenda.

— Nimesikia, alisema Bonaventura.

— Hapana, baba Lea. Hujasikia. Ndiyo maana nimefunga.

Waliondoka kwa mwendo wa mtu anayesindikiza. Sisi tulibaki tumesimama, hakuna aliyekwenda kukaa. Tulikuwa tunautazama ule mkono. Kwenye mteremko wa korongo la kwanza tuliona kiwiko cha Bonaventura kikirudi nyuma ghafla. Gari likasimama. Likakaa. Kiwiko kikavutwa tena, likaenda.

— Moja, alisema Selemani, bila kukusudia.

Wakati wa kupanda, likasimama. Mbili. Kwenye korongo la pili tatu, na nne, na kabla halijatoka kwenye mchanga wa chini, tano. Injinia alikuwa anapangusa damu kwa mkono ule uliochunika, ikazidi kusambaa. Kwenye kilima gari lilikuwa dogo, mkono hauonekani tena, lakini kusimama kulionekana. Sita. Likaenda. Karibu na kileleni likasimama muda mrefu kuliko mara zote, vumbi lake likalipita, na tukadhani halitaondoka. Likaondoka.

— Saba, alisema Injinia. Alitema damu pembeni. Na hiyo ni S.